Kabla ya Kubonyeza "Kata": Nasaha kwa Mafundi Vijana wa Tarime na Serengeti



Mura wa Sirari, binti wa Mugumu, na nyinyi wengine wa Nyamongo, Natta na Ikoma mnaokesha mbele ya kompyuta mkichora vitu vya fito ili printa ya 3D ivitoe: ninawaandikia kama mtu wa vyuma. Kazi iliyonilea ni kenchi, mageti na minara ya matangi ya maji. Kwenye kioo mnanishinda, na sina haja ya kushindana nanyi. Ila fito nazijua. Nimewauliza, nimesoma, nimeshika vitu vyenu vilivyosimama na vilivyokatika, kwa maana kuuliza si ujinga. Nililolipata ni hili: mnatumia siku nyingi kuchora na dakika chache kuamua namna mchoro utakavyokatwa matabaka. Na huko kwenye kukata ndiko ufito unakozaliwa au unakopotea. Mipangilio ya kukata ni sehemu ya kubuni. Anayeiacha kama alivyoikuta amebuni nusu, na nusu nyingine amebuniwa na mtu asiyemjua, asiyejua kitu hicho kitabeba nini.

Nianzie kwenye kenchi, kwa kuwa kila mmoja wenu amelala chini yake. Inueni macho kwenye paa la darasa lolote. Zile pembetatu zina fito zinazobanwa na fito zinazovutwa, na fundi mwenye akili hazipi chuma cha aina moja. Unaovutwa anaweza kuupa fleti ba, kwa sababu kitu kinachovutwa hunyooka. Unaobanwa anaupa engo au skwea paipu, kwa sababu kitu chembamba kikibanwa hupinda kabla ya kuvunjika. Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alilifanyia hesabu jambo hilo katika karne ya 18, na hesabu yake haijachuja: ufupishe ufito uwe nusu ya urefu wake, nao utastahimili mara 4 ya mzigo ule kabla ya kupinda, uongezee kipenyo mara 2, utastahimili mara 16. Ishikeni hesabu hiyo. Tutairudia.

Sasa dunia inatengeneza kenchi ndogo kuliko kijiti cha kibiriti. Viungo vya nyonga vya titani huachiwa vitundu vya fito ili mfupa uote ndani yake. Sehemu za ndege hutobolewa zipungue uzito. Soli za viatu vya michezo huchapwa kwa fito badala ya sponji. Na kuchapa vitu vya kubeba mwili wa mtu si habari ya Ulaya peke yake. Hospitali ya CoRSU pale Kisubi, kati ya Kampala na Entebbe, ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Toronto cha Kanada kujaribu kuchapa soketi, yaani kile kikombe cha mguu bandia kinachopokea kigutu. Kwetu Tanzania, pale Moshi, kuna TATCOT, inayofundisha wataalamu wa viungo bandia tangu 1981. Kwa hiyo msione haya kuota makubwa mkiwa Tarime. Ila anayeota kubebesha watu mzigo na ajue ufito wake unabeba nini.

Tuingie jikoni. Programu nzuri za kubuni miundo ya fito hazichori kila ufito kama kitu kizima. Zinaweka vifundo, zinaunganisha kifundo na kifundo kwa mstari usio na unene, kisha zinauvisha mstari ule umbo la mkato: mduara, mraba, pembe sita, upendalo. Wakati wa kukata, programu inapita na kisu kisichoonekana, tabaka baada ya tabaka, ikiuliza kila ufito: hapa nilipo, mkato wako ukoje? Jibu la swali hilo, likirudiwa maelfu ya mara, ndilo linaloiongoza printa. Ninyi ndio mnaoamua jibu litolewe kwa usahihi gani.

La kwanza, hesabuni pembe. Ukichagua mduara, usidhani umepata mduara. Kompyuta mara nyingi huuchora kwa vipande vilivyonyooka, na idadi ya vipande imo kwenye mipangilio. Wengi wenu mnaiacha 6 au 8 ili kazi iende haraka. Angalieni mnachotoa sadaka. Pembe nane zikichorwa ndani ya mduara, eneo la mkato linabaki kama asilimia 90. Mtasema asilimia 10 si kitu. Lakini ukaidi wa ufito dhidi ya kupinda haufuati eneo peke yake. Kwa pembe nane unabaki kama asilimia 81. Kwa pembe sita unashuka hadi asilimia 69 hivi. Kwa pembe nne, asilimia 42. Umemwambia mteja ufito wa milimita 2, ukampa wenye nguvu isiyofika nusu, na kwenye kioo bado umeandikwa milimita 2. Ukiweka pembe 16 unarudi kwenye asilimia 95. Kwa hiyo ama ongeza pembe, ama nenepesha kipenyo kufidia kilicholiwa, ama tumia mraba kwa makusudi na uufanyie hesabu kama mraba. Njia zote tatu ni halali. Haramu ni kutojua umefuata ipi.

Mtaniambia pembe nyingi zinaelemea kompyuta. Kweli, tena hapo kuna siri ya kuijua. Faili la STL, lililoanza 1987 na kampuni ya 3D Systems ya Marekani, linajua pembetatu tu, na kila pembetatu inakula baiti 50. Ufito wa pembe 16 una pembetatu 32 ubavuni. Muundo wa fito 100,000 una pembetatu 3,200,000, bila kuhesabu vichwa vya fito, nalo faili linafika megabaiti 160. Jaribu kumtumia mwenzako wa Musoma kwa bando la wiki. Kwa tatizo hilo upo mfumo mwingine, 3MF, wenye nyongeza maalumu ya miundo ya fito: unaandika kifundo kiko wapi, ufito unatoka kipi kwenda kipi, na nusu ya kipenyo chake ni ngapi. Faili linakuwa dogo, na uamuzi wa pembe unangoja hadi wakati wa kukata. Basi programu yako ikiruhusu, bakisha mistari kuwa mistari mpaka mwisho. Ukiigeuza pembetatu mapema, usahihi ulioutupa haurudi hata ukikata kwa tabaka jembamba namna gani.

La pili, anzeni na nozeli. Printa nyingi mlizonazo zina nozeli ya milimita 0.4, na hicho ndicho kidole chake. Haiwezi kuchora kilicho chembamba kuliko kidole. Ufito wa milimita 0.8 hujaa kwa mzunguko mmoja: mstari wa 0.4 unazunguka na kukutana katikati. Wa 1.2 unapata mzunguko na kiini. Wa 1.6 unapata mizunguko miwili. Wa 0.6 ni mgogoro, kwa kuwa mzunguko mmoja umezidi na nukta moja haitoshi. Wa chini ya 0.4, programu nyingi za kukata huutupa bila hata kukuaga.

Niliona kwa macho yangu kijana wa Mugumu alipoleta kitako cha magongo ya kutembelea. Alikuwa amekichora vizuri: kuta nyepesi nje, fito ndani za kupokea mshindo wa hatua. Kilikuwa chepesi mno. Nikakibonyeza kwa dole gumba, kikazama na hakikurudi. Tukafungua programu, tukavuta kitelezi cha matabaka kutoka chini kwenda juu, polepole. Chini kabisa, ukuta upo. Tukapanda: vidoa vidogo, vimetawanyika. Hivyo ndivyo vifundo. Tukapanda tena: ukuta peke yake, ndani mweupe. Tukapanda tena: vidoa. Fito zilizounganisha kidoa na kidoa hazikuwepo, maana alizipa milimita 0.35. Kwenye mchoro zilionekana zote. Kwenye kukata zilipotea zote, na printa ikaacha vifundo vikining'inia juu ya nyuzi za plastiki zilizojivuta zenyewe. Hakukosea kuchora hata ufito mmoja. Kosa ni kutokivuta kile kitelezi kabla ya kuchapa. Tulizipa milimita 1.2, tukapunguza idadi yake, tukafupisha urefu kati ya kifundo na kifundo, kwa ile hesabu ya Euler. Uzito ulipanda kidogo. Kitako kikasimama.

Basi liwe sharti: hakuna kinachochapwa kabla ya mtu wa pili kukitazama tabaka kwa tabaka. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini macho ya mchoraji huona alichokusudia. Muiteni mwenzake.

La tatu, mjue ufito umelala vipi. Kisu hukata kwa usawa wa ardhi, kwa hiyo ufito wa wima hutoa mduara, na ulioinama hutoa yai. Ukiinama nyuzi 30 kutoka usawa wa meza, urefu wa yai hilo ni mara 2 ya kipenyo. Uliolala kabisa hutoa ukanda unaochapwa hewani, bila kitu chini yake. Sasa chukueni tabaka la milimita 0.2. Ufito wa nyuzi 45 unasogea milimita 0.2 kila tabaka, na mstari wa ukingoni wenye upana wa 0.4 unapata nusu ya mwili wake pa kukalia. Wa nyuzi 30 unasogea karibu milimita 0.35, na mstari ule wa ukingoni unabaki na ncha tu ya kushikilia. Hapo plastiki inaning'inia, na ufito unatoka na ndevu. Mkipunguza tabaka liwe 0.1, msogeo unakuwa nusu yake, mstari unapata pa kukaa, lakini muda wa kuchapa unakaribia kuwa mara 2. Kwa hiyo msiseme tabaka jembamba ni bora au nene ni bora. Tazameni kwanza fito zenu zimeinama nyuzi ngapi, kisha mchague. Mara nyingine jibu ni kukigeuza kitu chote juu ya meza, bila kugusa mpangilio mwingine wowote.

Na kukigeuza kuna sababu ya pili. Matabaka hushikana kwa joto la kupita, na pale yanapokutana ndipo udhaifu ulipo. Ufito wa wima ukivutwa, huachana tabaka na tabaka. Zinazobeba mvuto zilazeni kadiri inavyowezekana ili nguvu ipite ndani ya mstari, isikatize viungo. Zinazobanwa zinaweza kusimama. Ni kilekile nilichowaambia juu ya fleti ba na engo: kwanza ujue nani anavutwa na nani anabanwa.

La nne, vifundo. Kenchi haivunjiki katikati ya engo mara nyingi, huvunjikia ilipochomelewa. Fundi akikutanisha bomba na bomba, hukata mdomo wa moja ulale vizuri juu ya jingine, na asipofanya hivyo huziba pengo kwa vijiti vya kuchomelea, akijidanganya mwenyewe. Programu nayo ina mpangilio wa kichwa cha ufito, na 3MF imeutaja kwa namna tatu: kichwa bapa, nusu tufe, au tufe zima. Kichwa bapa kinaacha kabari tupu upande wa nje wa kifundo, pale fito mbili zinapokutana kwa pembe. Tufe linaijaza. Kwa kitu cha kubeba mzigo, chagueni tufe, na ikibidi mkipe kifundo kipenyo kizidicho cha ufito kidogo. Kisha hakikisheni programu inaunganisha mikato inayopandana. Isipounganishwa, printa inaona miduara 5 au 6 iliyolaliana, inapita juu ya kila mmoja, na ndani ya kifundo zinabaki kuta zisizotakiwa pamoja na uvimbe wa plastiki. Vuteni kitelezi hadi penye kifundo, mtazame. Mkiona mstari mmoja unaozunguka nje, endeleeni. Mkiona mistari ndani ya mistari, rudini.

La tano, msiishi kwa mipangilio ya kuazima. Najua mnapeana: fulani wa Mwanza katuma faili la mipangilio, fulani wa Nairobi kasema yake haijawahi kumwangusha. Shukuruni, lakini cha kuazima hakisitiri matako. Filamenti yake si yako; ya kwako imekaa kwenye unyevu wa masika ya Tarime, na plastiki iliyonyonya maji hutoka na mapovu. Printa yake ina mkanda mpya, wa kwako umelegea. Chapeni kipande cha majaribio chenye fito tano za vipenyo tofauti na miinamo tofauti, kisha mkivunje. Ndiyo, mkivunje kwa makusudi, kwa kukining'inizia ndoo ya maji, maana lita moja ya maji ni kilo moja na mizani hiyo haina hitilafu. Andikeni kwenye daftari: pembe ngapi, tabaka ngapi, nozeli ipi, joto gani, kiliachia kwa lita ngapi, na kiliachia wapi. Kikikatikia kwenye kifundo, mmejua pa kurekebisha. Kikikatikia katikati ya ufito kwa kupinda, mmejua. Daftari la namna hiyo likijaa, litakuwa na thamani kuliko printa.

Katika hilo hilo, jitegemeeni kwa programu. Kuna zinazofanyia kazi mtandaoni, kwenye kompyuta za mbali, kwa ada ya kila mwezi. Ni nzuri, ila fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtandao ukikata mchana wa mvua, au ada ikiisha wakati mteja anasubiri, utafungiwa nje ya kazi yako mwenyewe. Jifunzeni pia za bure zinazokaa ndani ya kompyuta yako, kama FreeCAD na Blender kwa kuchora, Cura na PrusaSlicer kwa kukata. Umeme nao mnaijua tabia yake. Printa nyingine hukumbuka ilipoishia na kuendelea, lakini tabaka lililopoa likipokea tabaka la moto halishikani vizuri, na kwenye ufito mwembamba hapo ndipo patakapokatika. Kazi ndefu igaweni vipande vya kuunganisha, au muwe na betri ya kuishikilia printa. Kitu cha kubeba mtu kilichokatiwa umeme katikati, msikiuze.

La sita ni la heshima. Mmoja wenu huchora, mwingine hukata, mwingine hukaa na printa. Kitu kikivunjika, huanza kutupiana maneno. Wahenga walisema tunajenga nyumba moja, kwa nini tugombee fito? Mchoraji na aandike kwenye mchoro: ufito huu unabanwa, huu unavutwa, mzigo ni kilo kadhaa. Mkataji na aandike alichobadilisha. Mwenye printa na aandike alichokiona. Na kitu kinachogusa mwili wa mgonjwa, kiwe mguu, gango au soketi, msikitoe mkononi mwenu kwenda kwake moja kwa moja. Kipitisheni kwanza kwa mtaalamu wa viungo bandia aliyesomea kazi yake, na muulize TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, inataka nini juu ya vitu hivyo. Anayekimbia ukaguzi wa wakubwa wa kazi hukimbizwa baadaye na jamaa za aliyeumia.

Msivunjwe moyo na urefu wa maneno haya. Mnayo bahati ambayo sisi hatukuwa nayo: mnaweza kukata kitu mara elfu kwenye kioo kabla ya kupoteza hata gramu moja ya filamenti. Kenchi nikiikata vibaya, chuma kimekwenda. Itumieni bahati hiyo. Ombi langu la mwisho ni dogo. Kila kitu mtakachokichapa, chini yake andikeni jina lenu na tarehe, herufi ndogo zinatosha. Mkono ukisita kuandika jina, jueni kuna mpangilio hamjautazama. Rudini muutazame, kisha muandike.

Mungu awajalie subira, na kazi za mikono yenu ziwabebe watu salama.